Kadi ya Harusi Isiyo na Harusi

Ukitumiwa kadi ya harusi kwa WhatsApp leo, kabla hujaigusa tazama jina la faili linaishiaje. Kadi ya kweli huja kama picha, video au PDF. Ukikuta jina linaishia na herufi apk, hiyo ni programu ya simu iliyovishwa nguo za kadi. Ukiikubali iingie, akaunti yako ya benki na salio lako la simu vinapata mwenyeji mwingine. Ifute. Kisha mpigie aliyekutumia, maana huenda yeye ameshanaswa na hana habari.

Wizi huu umeshawaliza watu India. Mwaka 2024, msimu wa ndoa ulipokaribia, polisi wa huko walilazimika kuwatahadharisha wananchi juu ya mialiko ya aina hii. Hapa kwetu Tanzania utakuta njia imeshafagiliwa. Tuna kamati za harusi, tuna makundi ya WhatsApp yenye watu mia na zaidi ambao nusu yao hawajawahi kuonana, kadi za mchango zinaingia kila wiki, na namba ya mweka hazina imebandikwa juu kabisa pamoja na majina yake matatu ili michango isipotee. Mwizi akiingia kwenye kundi moja tu la namna hiyo, keshajua pesa ziko kwa nani na mwenyewe anaitwaje.

Wiki iliyopita niliyaona kwa macho yangu. Mama mmoja jirani yangu, mweka hazina wa kamati ya harusi ya mpwa wake, alinijia jioni na simu mkononi. "Mwanangu, hebu nifungulie hii kadi, simu yangu inaikataa." Kwenye kioo kulikuwa na onyo la Kiswahili safi, kwamba kwa usalama wake simu hairuhusiwi kusakinisha programu zisizojulikana kutoka chanzo hicho. Chini yake vitufe viwili, kimoja cha kughairi, kingine cha kwenda kwenye mipangilio. Alikuwa ameshaingia kwenye mipangilio mara mbili akarudi, hakujua ageuze kitufe gani. Simu ilikuwa inamkinga, naye alinijia ili nimsaidie kuivunja ile kinga.

Nikamuuliza kadi imetoka kwa nani. "Ya dada yetu wa kwaya, namfahamu miaka." Nikamwomba ampigie. Dada wa kwaya alipopokea akasema hajatuma kadi yoyote, tena tangu asubuhi WhatsApp imemtoa na kila akijaribu kurudi inamgomea. Mama akanitazama. Katika simu ile kulikuwa na michango ya watu 64, jumla shilingi milioni nne na ushee, na ukumbi ulikuwa haujalipwa.

Mambo hutendeka hivi. Programu ile ikishaingia huomba ruhusa, na huomba kwa upole. Kwanza inataka kusoma meseji zako. Halafu inataka ruhusa ambayo Android iliwekewa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa macho au mikono, inayoiwezesha programu kusoma kilichoandikwa kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba ya mwenye simu. Ukiipa hiyo ya pili, umempa mtu wa mbali macho yako na kidole chako. Benki inapotuma namba ya uthibitisho kwa meseji, yeye anaisoma kabla hujaifikia. WhatsApp inapotuma tarakimu zake sita, anazichukua, anahamishia akaunti yako kwenye simu yake, na kadi ile ile inaondoka kwenda kwa ndugu zako na kanisa zima ikiwa na jina lako na picha yako. Hapo ndipo dada wa kwaya alipokuwa amefika.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wengi hatulitazami. Ukipiga *150*00# au menyu nyingine ya nyota na reli, ukafika mahali pa kuweka namba ya siri, angalia kioo. Kwenye simu nyingi tarakimu zako nne zinaonekana waziwazi, bila hata kufunikwa na vitone. Jirani kwenye daladala anaziona. Programu inayosoma kioo inaziona pia.

Hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka tulizingatie, nalo ni kubwa kuliko kadi ya harusi. Zamani ili mtu akuibie benki alipaswa kupita milango kadhaa: kitabu, sahihi, sura yako mbele ya karani, foleni yenyewe. Milango hiyo ilituchosha. Mama aliyetoka Kisarawe kwenda mjini kutoa shilingi elfu hamsini alikuwa anapoteza siku nzima na nauli juu yake. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, ilimwondolea adha hiyo, na mimi ni wa mwisho kutamani turudi kule. Lakini tangu hapo tumekuwa tukiondoa mlango baada ya mlango. Benki imeunganishwa na laini. Namba za uthibitisho zinakuja kwenye laini hiyo hiyo. Ukisahau nywila ya barua pepe, inarudishwa kwa laini hiyo. Mikopo ya papo kwa papo inatolewa kwa laini hiyo, kiasi kwamba mwizi anaweza kukukausha salio na bado akakuachia deni. Kwa mfumo wa TIPS wa Benki Kuu, pesa inatoka benki hadi kwenye mtandao wowote wa simu kwa sekunde chache, na kutoka hapo hadi mkononi kwa wakala ni dakika. Nyumba nzima imebaki na mlango mmoja, na mlango wenyewe ni kipande cha plastiki kidogo kuliko kucha.

Kwa hiyo mwenye kuitaka nyumba yako anahangaika na kile kipande. Wapo wanaoiba simu kwa ajili ya laini peke yake. Simu yako inaweza kuwa imefungwa kwa alama ya kidole na uso, wao hawajali. Wanachomoa laini, wanaichomeka kwenye kitochi, na meseji zote za benki zinaanza kuingia huko. Kinga yake ipo na ni ya bure, ila sijui ni wangapi wameiweka: namba ya siri ya laini yenyewe, mbali na ile ya kufungulia simu. Ipo kwenye mipangilio ya usalama. Ukiiweka, laini ikiingia kwenye simu nyingine inakataa kuamka mpaka namba itajwe, na ikikosewa mara tatu inajifunga na kudai PUK, yaani namba ya kuifungulia. Kabla ya kuiwasha hakikisha unayo ile kadi iliyobeba laini siku ulipoinunua, maana PUK na namba ya kuanzia ya mtandao vimeandikwa hapo, nawe ukikosea utavihitaji. Itakusumbua kila ukizima na kuwasha simu. Ukubali usumbufu huo.

Wengine hawaibi kitu mfukoni. Wanakwenda kuirudisha laini yako kama yao, wakisema imepotea. Usajili wa alama za vidole ulioanza Tanzania mwaka 2019, na uliofanya laini zisizosajiliwa zianze kuzimwa tangu tarehe 20 Januari 2020, ulikusudiwa kuziba tundu hilo. Umeziba sehemu. Limebaki tundu la msajili asiye mwaminifu, yule wa mwavuli barabarani anayekwambia, "Kidole hakijasoma mama, weka tena," na kuweka tena, na tena, kumbe kila kidole kinasajili laini nyingine kwa kitambulisho chako. Laini hiyo ndiyo itakayotumika kuwatapeli watu, na polisi wakifuatilia jina watakuta lako. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako ni ngapi. Ukikuta usiyoitambua, nenda dukani kwa mtandao husika na kitambulisho chako ukaifungishe.

Na simu yako ikipoteza mtandao ghafla, wakati wenzako walioko hapo wanao mtandao kama wako, usikae ukasema wanarekebisha mnara. Azima simu. Piga huduma kwa wateja, Tanzania ni 100, waambie wasimamishe laini. Kisha piga benki. Dakika kumi za mwanzo zina thamani kuliko siku kumi za kufuatilia.

Ipo mbinu nyingine inayopita kimya zaidi. Unapigiwa na mtu mwenye sauti ya ofisini, salamu zake za heshima, nyuma yake unasikia kelele za watu wengi wanaozungumza na simu. "Mama shikamoo. Nakupigia kutoka makao makuu, laini yako ina hitilafu, inafungwa saa kumi leo. Usinitajie namba yako ya siri, hatuulizi namba ya siri." Kauli hiyo ya mwisho ndiyo inayomlegeza mtu. "Bonyeza nyota mbili, ishirini na moja, nyota, halafu namba hii nitakayokutajia, malizia na reli." Alichokufanyisha ni kuhamisha simu zako. Kuanzia hapo kila anayekupigia, ikiwemo benki inayotaka kuhakiki muamala au mfumo unaosoma namba ya uthibitisho kwa sauti, anampata yeye. Kuangalia kama simu zako zimehamishwa, piga *#21#. Kuondoa uhamisho wote, piga ##002#. Alama hizi ni za mfumo wa simu duniani kote, zinafanya kazi Temeke na Kisumu sawasawa.

Kwa upande wa Kenya, mteja wa Safaricom anaweza kujikinga na kubadilishiwa laini kwa kupiga *100*100#, na meseji za kitapeli hupelekwa 333. Kampuni hiyo ilishawaambia wateja wake kwamba ikiwapigia hutumia 0722 000 000 tu. Tanzania, namba na meseji za matapeli tuma 15040. Huenda unaona ni kazi bure, lakini namba iliyoripotiwa na wengi hufungwa, na namba iliyofungwa leo haimpigii mama yako kesho.

Sasa nije kwa wakala, maana huko ndiko moyo unakoniuma zaidi. Kaa kwenye kibanda cha wakala nusu saa siku ya mshahara. Utamwona mzee anampa kijana simu yake na kumtajia namba ya siri kwa sauti, moja tisa tano nane, foleni nzima inasikia. Namlaumu mzee? Hapana. Maandishi ni madogo, menyu ina hatua saba, na ukichelewa kidogo inakatika unaanza upya. Huduma iliyotengenezwa kwa macho ya kijana wa miaka 25 imemlazimisha mzee kumwamini asiyemjua. Na hiyo moja tisa tano nane ni mwaka wake wa kuzaliwa. Tarakimu nne zinatoa namba 10,000, na mfumo unakupa nafasi tatu kabla haujafunga, kwa hiyo kubahatisha hakulipi. Lakini miaka ya kuzaliwa ya watu wazima wote walio hai ni kama mia hivi tu, na mwaka wako umeandikwa kwenye kitambulisho ulichompa msajili. Tafadhali, badilisha. Na wewe kijana uliye mjini, ukienda kijijini Krismasi au Idi, keti na babu yako dakika ishirini muibadilishe namba yake pamoja, yeye abonyeze kwa kidole chake mpaka azoee. Itamfaa kuliko kilo ya sukari utakayompelekea.

Benki na kampuni za simu nazo zina deni kwetu. Desemba 2021, wateja wa benki ya OCBC huko Singapore walianza kupata meseji zilizoingia kwenye mfululizo ule ule wa meseji halali za benki yao, zikiwa na kiungo cha kubofya. Waliobofya na kuandika siri zao walifagiliwa. Hadi hesabu inafungwa walikuwa wateja 790, na dola za Singapore milioni 13.7 zilikuwa zimekwenda. Benki iliwarudishia zote. Lakini kilichonivutia ni kilichofuata Januari 2022: mamlaka ya fedha ya nchi ile pamoja na mabenki walikubaliana kwamba meseji na barua pepe kwa wateja wa kawaida zisiwe tena na viungo vya kubofya, na kwamba mtu akifungua huduma ya benki kwenye simu mpya, kibali cha kuidhinisha miamala kisianze kazi mpaka muda wa saa 12 upite. Yaani walirudisha mlango mmoja kwa makusudi. Wateja walisubiri. Mwizi naye alilazimika kusubiri, na kusubiri ndiko mwizi asikokuweza, kwa kuwa mwenye mali ataamka.

Hicho ndicho tunachopaswa kukidai hapa. Laini ikibadilishwa leo, isiweze kuhamisha akiba leo. Simu mpya ikiingia kwenye akaunti, simu ya zamani ipate taarifa na nafasi ya kusema hapana. Mpokeaji ambaye hujawahi kumtumia, ukitaka kumpelekea milioni mbili usiku wa manane, pesa ikae kidogo njiani. Najua mfanyabiashara wa Kariakoo atasema tunamchelewesha, na ana hoja. Basi yeye apewe uwezo wa kuchagua kasi, kwa kwenda tawini na kusaini kwamba ameichagua. Anayetaka usalama asilazimike kuutafuta, aukute umewekwa.

Kabla hawajatusikia, tujirudishie wenyewe milango tunayoiweza. Pesa ya matumizi ya wiki ikae kwenye simu. Akiba, ada ya watoto, pesa ya kiwanja, vikae kwenye akaunti ambayo haijaunganishwa na simu kabisa, ambayo kuifikia ni lazima uinuke uende. Omba benki ishushe kikomo cha kutuma kwa siku kwenye ile akaunti iliyounganishwa na simu, wanashusha ukiomba. Kama programu ya benki inafunguka kwa alama ya kidole, kumbuka kwamba kila kidole kilichosajiliwa kwenye simu hiyo kinaifungua, hata cha mtoto uliyemwekea ili acheze gemu. Vikoba na kamati za harusi ziache kulundika michango kwenye laini ya mtu mmoja. Fungueni akaunti ya pamoja yenye watia sahihi wawili. Mweka hazina mwaminifu ataipokea kwa furaha, maana siku pesa ikiibwa hakuna atakayeamini kwamba ni kadi.

Na ukitumiwa meseji kwamba umepokea pesa, ikafuatiwa na mtu analia kwamba amekosea namba, usihesabu kwa meseji. Fungua menyu, angalia salio. Kama kweli imeingia, mwambie awapigie kampuni wairudishe wao. Wewe usitume kitu. Na unapotuma kwa yeyote, lile jina linalotokea kabla ya kuthibitisha lisome lote, herufi kwa herufi, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika.

Kwa yule ambaye ameshaisakinisha kadi: zima data na Wi-Fi sasa hivi, tumia simu ya mtu mwingine kupiga benki na mtandao wafunge kila kitu, kisha waarifu makundi yako yote wasifungue chochote kilichotoka kwako. Halafu nenda polisi ukaandikishe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, lakini haianzi kazi bila mlalamikaji. Simu yenyewe ifutwe yote irudishwe kama ilivyotoka kiwandani kabla hujaingiza namba yoyote ya siri. Usione haya kuwaambia watu. Haya ndiyo inayompa mwizi siku mbili za ziada.

Jirani yangu tulifuta faili lile pamoja, tukapeleka namba iliyolituma kwenye 15040, na yeye mwenyewe akaandika kwenye kundi la kamati kwa herufi kubwa kwamba asifungue mtu. Usiku ule nilimwomba apige *106#. Laini tatu zilikuja kwa jina lake. Anazozijua ni mbili. Kesho yake asubuhi tulikwenda dukani kuifunga ya tatu. Nawe usilale kabla hujahesabu zako.